Majibu ya Vinasaba Yakifika Mezani: Namna ya Kuyapima Thamani kwa Mtoto Mgonjwa

Mwongozo huu unawalenga madaktari, maafisa tabibu na wauguzi wanaohudumia watoto katika hospitali za Mbeya, Iringa, Njombe na mikoa jirani, ambako majibu ya usomaji wa vinasaba bado ni mgeni wa nadra, na kama ilivyo kwa mgeni wa nadra, akifika hupokewa ama kwa woga ama kwa heshima iliyopita kiasi. Karatasi ya majibu haina thamani ndani yake yenyewe. Thamani yake ni kile ambacho daktari, wazazi na ndugu wa mtoto watakifanya kwa namna nyingine kwa sababu wameisoma, na kazi ya kuipima thamani hiyo huanza kabla damu haijatolewa.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa huleta vurugu katika chumba cha ushauri. Mtu wa kawaida akisikia "kipimo cha vinasaba" huifikiria ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na mabishano ya nani baba wa mtoto. Kipimo tunachokizungumzia hapa ni kingine. Vinasaba vya binadamu vina herufi takribani bilioni 3, na ndani yake zimo jeni zipatazo 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Maelekezo hayo ni asilimia 1 hadi 2 tu ya maandishi yote. Maabara inaweza kusoma jeni chache zinazohusiana na ugonjwa fulani, au sehemu yote ya maelekezo ya protini, au maandishi yote tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ikatafuta mahali ambapo herufi za mtoto zinatofautiana na zilizozoeleka. Kila mmoja wetu ana tofauti za namna hiyo kwa mamilioni, na karibu zote hazina neno. Ugumu wote uko katika kuitambua ile moja yenye neno.

Kabla ya kujaza fomu

Chukua kalamu uandike katika faili la mgonjwa sentensi mbili: majibu yakionyesha ugonjwa ninaoushuku nitafanya nini, na yasipouonyesha nitafanya nini. Sentensi hizo zikifanana, kipimo hicho kitaongeza karatasi tu, na fedha za wazazi zingefaa zaidi kwingine.

Kwa kigezo hicho, magonjwa mengi ya kurithi tunayoyaona kila wiki hayahitaji usomaji wa vinasaba hata kidogo. Selimundu husababishwa na herufi moja tu iliyobadilika katika jeni ya himoglobini iliyo kwenye kromosomu (kifurushi cha vinasaba ndani ya seli) ya 11, lakini hatuisomi herufi hiyo. Tunaipima himoglobini yenyewe kwa kuitenganisha kwa umeme au kwa vipimo vya haraka vya tone la damu, na majibu yake yanatosha kuanzisha penisilini ya kinga na haidroksiyurea. Angalizo moja tu: kile kipimo cha zamani cha kuyeyusha himoglobini kisitegemewe kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa sababu himoglobini ya kichanga huuficha ugonjwa. Mtoto mwenye ualbino naye hutambuliwa kwa macho, na anachohitaji ni kofia, mafuta ya kukinga jua na mtaalamu wa macho. Mtoto mwenye sura na dalili za Down huhitaji kuhesabiwa kromosomu, kipimo tofauti kabisa na kusoma herufi moja moja.

Sasa tuchukulie mtoto wa miezi 18 kutoka Kyela, kule chini ziwani ambako joto la mtoto kwanza ni malaria hadi ithibitike vinginevyo. Degedege la kwanza lilimpata akiwa na miezi sita, jioni ya siku aliyochanjwa, mwili ukiwa umechemka. Lilidumu nusu saa na kuutikisa upande mmoja tu wa mwili. Tangu hapo kila homa imekuja na degedege lake. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi mara mbili na chanya mara moja, lakini dawa ya malaria alipewa mara zote tatu. Bibi yake alisema sindano haifai kwa mtoto mwenye dege, akamfukiza. Baadaye kituo kimoja kikamwanzishia kabamazepini, dawa ya kifafa, na badala ya kupungua, vipindi vya degedege vikaongezeka.

Daktari anayeifahamu picha hii atamshuku Dravet, aina ya kifafa ambayo mara nyingi hutokana na badiliko katika jeni iitwayo SCN1A. Sentensi zake mbili katika faili hazifanani hata kidogo. Majibu yakithibitisha, kabamazepini itaondolewa taratibu, kwa sababu dawa za jamii hiyo, pamoja na fenitoini na lamotrijini, huweza kuuchochea ugonjwa huu; valproeti, dawa nyingine ya kifafa, itachukua nafasi yake; na kwenye jalada la kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa, yataandikwa maneno ASIPEWE FENITOINI, ili daktari wa zamu asiye na habari asimpe saa nane usiku. Yasipothibitisha, daktari ataendelea kutafuta, na hataiandika valproeti kwa haraka, kwa kuwa katika baadhi ya magonjwa ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), hasa yale ya jeni ya POLG, dawa hiyo huweza kuliua ini la mtoto.

Kuna thamani nyingine hapa ambayo haimo katika orodha ya dawa. Mama wa mtoto huyu ameshaamua kwamba chanjo ndiyo iliyomharibu mwanawe, na mdogo wake aliyezaliwa juzi hatapelekwa kliniki. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi wa watu 14 waliodhaniwa kuharibiwa ubongo na chanjo ya kifaduro, wakakuta 11 kati yao wana mabadiliko katika jeni hii hii ya SCN1A. Chanjo ilileta homa, na homa ikafichua kilichokuwamo tayari. Daktari akiweza kumwonyesha mama badiliko lenyewe kwenye karatasi, maneno yake yatakuwa na uzito ambao mabango yote ya chanjo ukutani hayana.

Mti wa ukoo na damu ya baba

Nyuma ya fomu chora mti wa ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, ukijaza wino kwa aliyeugua na kuweka mstari wa kukata kwa aliyefariki. Uliza kuhusu watoto waliofariki wachanga na mimba zilizoharibika, na uliza kwa upole kama wazazi wana undugu wa damu. Dakika kumi za mchoro huo huisaidia maabara kuliko kurasa tatu za maelezo ya jumla. Damu yenyewe ni mililita 2 au 3 katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, ikae baridini bila kuganda, na kama mtoto ameongezewa damu siku za karibuni, liandikwe hilo wazi.

Ikiwezekana, zitumwe damu tatu: ya mtoto, ya mama na ya baba. Badiliko lililo kwa mtoto lakini halimo kwa mzazi yeyote lina uzito mkubwa katika magonjwa mazito ya utotoni, na bila wazazi hao wawili maabara hubaki ikibahatisha. Hata hivyo, damu tatu zikisomwa pamoja zinaweza kufichua kwamba baba anayemlea mtoto siye aliyemzaa. Jambo hili lisemwe kabla, na lisemwe kwa mama akiwa peke yake, sambamba na makubaliano ya maandishi kwamba hospitali haitatoa taarifa ya ubaba kwa mtu yeyote, kwa sababu sicho kilichotafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za vinasaba katika kundi la taarifa nyeti. Naamini daktari anayeiruka hatua hii kwa kuona aibu anaipandikiza ndoa ya watu bomu, kisha anakwenda nyumbani kulala.

Kuisoma karatasi

Majibu yakirudi, usianze na jina la ugonjwa lililokolezwa wino juu ya ukurasa. Anza na daraja la badiliko. Tangu mwaka 2015 maabara nyingi duniani hufuata utaratibu uliotolewa Marekani wenye madaraja matano: linalosababisha ugonjwa, linaloelekea kusababisha, lisilojulikana maana yake, linaloelekea kutokuwa na madhara, na lisilo na madhara. "Linaloelekea" hapa lina maana ya uhakika unaozidi asilimia 90, kwa hiyo daraja la kwanza na la pili huweza kutumika kufanyia maamuzi ya tiba endapo dalili za mtoto zinalingana na ugonjwa uliotajwa. Daraja la tatu halitumiki kufanyia uamuzi wowote.

Nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja na mwanawe wa miaka mitatu aliyechelewa kutembea. Karatasi aliitunza vizuri, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Maabara ilikuwa imeandika daraja la tatu. Juu yake mtu wa hospitali moja aliyoipitia mama huyo alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: ugonjwa wa kurithi, hauna tiba.

"Mama, mazoezi ya viungo mliacha lini?"

"Tangu karatasi ilipokuja, daktari. Si wameshaandika hauna tiba?"

Miezi tisa ya mazoezi ilikuwa imepotea kwa ajili ya badiliko ambalo maabara yenyewe ilikiri kutolijua. Karatasi ile ilikuwa na thamani iliyo chini ya sifuri: mtoto angekuwa katika hali nzuri zaidi kama isingeandikwa.

Watoto wetu hupata majibu ya daraja la tatu mara nyingi kuliko watoto wa Ulaya, na sababu yake haiko katika damu yao. Maabara huamua kama badiliko ni la ajabu kwa kulilinganisha na hazina za vinasaba vya watu wenye afya, na hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Kitu cha kawaida kabisa Rungwe au Mufindi huonekana kigeni kikitazamwa kutoka huko. Kosa huweza kwenda upande wa pili pia: mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba baadhi ya Wamarekani weusi walikuwa wameambiwa wana mabadiliko yanayosababisha ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika na hayana madhara. Kwa hiyo, kabla ya kuitisha familia, fungua hazina za ClinVar na gnomAD kwa simu yako. Zote mbili ni za bure. Katika gnomAD tazama safu ya watu wenye asili ya Afrika. Badiliko linalodaiwa kuleta ugonjwa mzito na wa nadra likionekana humo kwa watu wengi, iandikie maabara uwaulize.

Kuipima thamani yenyewe

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Fryback na Thornbury, waliweka ngazi sita za kupimia faida ya vipimo vya picha, na ngazi hizo zimekuja kutumika hata kwa vinasaba. Ya kwanza ni ubora wa kipimo chenyewe, ya pili ni usahihi wa jibu, ya tatu ni kama jibu limeyabadilisha mawazo ya daktari, ya nne ni kama limebadilisha tiba, ya tano ni kama hali ya mgonjwa imekuwa njema zaidi, na ya sita ni kama jamii imenufaika kwa gharama iliyotumika. Huko Toronto, Kanada, watafiti wa hospitali ya watoto ya SickKids wametunga dodoso ambalo daktari hulijaza baada ya majibu, likimuuliza jinsi yalivyosaidia kuuelewa ugonjwa na mwelekeo wake, kuongoza matibabu, kuwatahadharisha ndugu na kuwatuliza wazazi. Kinachovutia ni kwamba linapima thamani kwa macho ya daktari anayehudumia, mahali ambapo wengi hukimbilia kuhesabu majibu chanya.

Kwa mazingira yetu, ngazi ya tatu ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa kiume wa miaka sita anayeshindwa kupanda ngazi na ambaye huinuka kwa kujishikilia mapajani huwa amepitia kwa mganga, kwenye maombi, na katika hospitali tatu kabla ya kufika kwako, na kila mahali ameacha damu na fedha. Jibu la Duchenne, ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli, halileti dawa ya kuponya. Hata hivyo, humwepusha na kukatwa kipande cha msuli cha kupimwa, huanzisha dawa za steroidi zinazomwongezea miaka ya kutembea, humpangia uchunguzi wa moyo, na huwaambia wazazi kwamba safari ya kutafuta jina la ugonjwa imekwisha. Nimeona wazazi wakilia kwa jibu hilo, kisha wakauza tiketi za basi walizokwishakata kwenda kwa mtaalamu mwingine. Siwezi kuliita jibu hilo kuwa halina faida kwa kuwa tu halikuleta dawa ya kuponya.

Thamani nyingine huenda nje ya mtoto. Kichanga aliyetibiwa kwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, akaja kuwa kiziwi, na vinasaba vyake vikaonyesha badiliko katika nafasi ya 1555 ya jeni ya MT-RNR1, karatasi hiyo haitamrudishia usikivu. Lakini jeni hiyo imo katika mitokondria, ambayo mtu huirithi kwa mama pekee. Waliomo hatarini ni mama mwenyewe, ndugu zake wa tumbo moja, na watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mjomba naye yumo, ila watoto wake hawamo. Andika majina yao siku hiyo hiyo, mama akiwa bado amekaa mbele yako.

Majibu yasiyoonyesha kitu

Hata katika hospitali zenye kila kitu, usomaji wa sehemu ya maelekezo ya protini huwapatia jibu takribani robo hadi theluthi moja ya watoto wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa nadra. "Hakuna kilichoonekana" ni maelezo ya kipimo na si cheti cha afya. Ugonjwa wa kudhoofika misuli wa SMA hutokana zaidi na kukosekana kwa kipande cha jeni ya SMN1, na usomaji wa kawaida huweza kukipita kwa kuwa ina pacha wake, SMN2, wanaofanana mno. Mtoto mlegevu sana afanyiwe kipimo maalumu cha ugonjwa huo. Hata Duchenne mara nyingi ni vipande vizima vilivyopotea, hivyo maabara iulizwe kama imevitafuta.

Kuwaeleza wazazi

Waite wote wawili, na kama bibi mzaa baba amesafiri nao, muulize mama kama angependa aingie. Nyumbani kesi imeshasikilizwa na hukumu imetolewa: ugonjwa umetoka upande wa mwanamke. Ikiwa badiliko halimo kwa mzazi yeyote, sema waziwazi kwamba hakuna aliyelileta, na kwamba uwezekano wa kujirudia ni mdogo, karibu asilimia 1, ingawa haujafika sifuri. Ikiwa ni ugonjwa unaohitaji nakala mbili za jeni zilizobadilika, sema kwamba kila mzazi ametoa moja, na wala hakuna aliyejua.

Uwezekano wa "moja kati ya nne" wa kila mtoto wao kuugua ugonjwa wa namna hiyo haueleweki kwa maneno. Weka mezani vikombe viwili, na ndani ya kila kimoja harage jekundu na jeupe. Mama achote moja kwenye kikombe chake bila kuangalia, baba vilevile. Yakitoka meupe mawili, mtoto anaugua. Kisha mwambie kila mmoja arudishe harage lake kikombeni ndipo wachote tena. Hapo ndipo utamwona baba akinyamaza, kwa kuwa alikuwa anaamini kwamba amezaliwa mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata wamenusurika.

Magonjwa ya utu uzima ambayo hayana la kufanywa utotoni yasisomwe wala yasitajwe. Mtoto atajiamulia mwenyewe akikua. Na kama hujui jambo, mwambie mzazi kwamba hulijui na utauliza kwa nani.

Mwisho, kabla ya kulifunga faili, andika kwenye jalada mwezi na mwaka wa kuiomba maabara iyapitie upya yale yale waliyokwishasoma, miaka miwili kutoka siku hiyo, kwa kuwa maana za mabadiliko hubadilika kadiri jeni mpya zinavyotambuliwa na baadhi ya watoto waliokosa jibu hulipata bila kutolewa damu nyingine. Pembeni yake andika namba ya simu ya mama, ya baba, na ya jirani au mwalimu wa shule ambaye hajabadilisha laini kwa muda mrefu.